Magofu ya Capo di Sorrento: maswali yenu

Ni kweli jumba lile lilijengwa na Malkia Giovanna?

Hapana. Jumba hilo lililo rasini Capo di Sorrento, karibu na Napoli, Italia, ni la Warumi, karne nyingi kabla hajazaliwa malkia yeyote wa Napoli mwenye jina hilo.

Basi mwenyewe alikuwa nani?

Waongoza watalii watakutajia Pollius Felix bila kusita, yule tajiri ambaye jumba lake la Sorrento lilisifiwa na mshairi Statius mwishoni mwa karne ya 1. Shairi lipo. Kwamba jumba lenyewe ni hili, hakuna aliyethibitisha. Wapo wataalamu wanaolitafuta Marina di Puolo, jirani tu. Swali la mwenye nyumba limetuchukulia muda mno. Statius anataja mawe ya Aswan kule Misri, ya manjano kutoka Numidia ya Afrika Kaskazini, na marumaru za visiwa vya Ugiriki. Anamsifu tajiri kwa kuutiisha mwamba, kana kwamba nyundo alishika yeye. Niulizeni basi habari za waliochimba mawe hayo, wakayapakia merikebuni na kuyapandisha rasini. Hao ndio waliojenga.

Nivae viatu gani?

Vya soli isiyoteleza. Njia ni ya mawe na inateremka. Na msipande juu ya kuta kupiga picha!

Mbona ukuta una umbo la wavu?

Sogea karibu utazame. Ni vijiwe vya volkano vilivyochongwa mfano wa piramidi ndogo: ncha imezamishwa ndani ya zege, kitako cha mraba kimebaki nje, kimekaa kimshazari. Wajenzi wa pwani hii walichanganya chokaa na majivu ya volkano ya Pozzuoli, ambayo huifanya igande hata majini.

Naweza kuchukua kijiwe kimoja tu cha kumbukumbu?

Swali hili nimelijibu mara nyingi na bado mnaniletea. Hapana, jamani. Sheria ya Italia ya 2004 inalinda mali za kale, na vitu vya kale vinavyopatikana ardhini ni vya dola. Kijiwe kikiwa ukutani kinamwonyesha mtafiti kilivyopangwa, kimeshikwa na zege gani na kimejengewa juu ya nini. Kikiwa mfukoni mwako hakimwonyeshi chochote, na pengo ulilotoboa linaingiza maji ya chumvi hadi vijiwe vya jirani navyo vilegee. Ukiuziwa "kipande cha Kirumi" njiani, usinunue: ama unatapeliwa, ama ni mali ya wizi.