Barua kwa Mwanangu: Hujamdhulumu Mtoto

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama unamdhulumu mjukuu wangu, ambaye sasa ana miaka mitatu, kwa kukataa kumnunulia kishikwambi ilhali wenzake wa rika lake wanavyo, na kama hatakuja kuachwa nyuma. Humdhulumu hata kidogo, nami nataka ulijue hilo kwa sababu zake, maana wanaokushinikiza ni watu wenye nia njema na ni vigumu kuwajibu kwa moyo mtupu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka 5. Mtoto wa umri wa mwanao asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Apate angalau dakika 180 za kukimbia, kupanda na kucheza, na usingizi wa saa 10 hadi 13. Ukishatoa saa hizo, pamoja na za kula, kuoga na kuvalishwa, utaona kwamba siku yake si pana kama tunavyodhani, na kila kifaa kinachoingia humo hula muda wa kitu kingine, mara nyingi usingizi.

Kuhusu kuachwa nyuma, usihangaike. Kutelezesha kidole kwenye kioo atajifunza kwa siku chache, wakati wowote utakapomruhusu. Lugha, subira na kusoma uso wa mwenzake huchukua miaka, na huvipata kwa watu wanaozungumza naye na kumngoja amalize sentensi yake.

Vitu vya kuchezea navyo visikuumize kichwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha mwaka 2018 utafiti ambao watoto wadogo walipewa vitu 4 vya kuchezea, na wakati mwingine 16. Walipokuwa na vichache, walikaa na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na kukichezea kwa namna nyingi zaidi. Mpe mwanao boksi tupu umtazame bila kusema neno: atalipiga kama ngoma, atalivaa kichwani, ataingia ndani na kujifungia, kisha atakuita umtafute. Akikwambia hana la kufanya, usikimbilie kumwokoa, kwa kuwa michezo yake mizuri huanzia hapo hapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 31, umetaja mapumziko na michezo kuwa haki yake, kwa hiyo mchana usio na ratiba si uzembe wako.

Gumu zaidi, mwanangu, ni simu yako mwenyewe. Mtoto huja na mchoro wake, akakuita, ukaitikia huku macho yako yakiwa kwenye ujumbe. Akakuvuta nguo, ukamwambia asubiri. Mara ya tatu haji, huuweka mchoro chini na kwenda zake. Hata nyumba isiyo na kishikwambi inaweza kumlea mtoto mpweke kwa njia hiyo. Simu na ikae chumba kingine wakati wa kula na saa ya kumlaza, na ukirudi kutoka kazini, mpe dakika zako za kwanza kabla hujaishika tena. Sisemi skrini ni sumu: anaponipigia kwa video akanionyesha kidole kilichochubuka, tunafurahi sote wawili.

Ndugu wakikuuliza wamletee nini, waombe waje wakae naye mchana mmoja, wamsimulie hadithi na kujibu maswali yake yote. Wengine watakuona bahili. Waache wakuone hivyo, na fedha utakazobakiza zikupunguzie saa za ziada kazini, ambazo ulinieleza kwamba zinakurudisha nyumbani akiwa ameshalala.

Nakupenda sana,
Mama yako