Maswali ya Wasomaji: Maumivu, Uti wa Mgongo na Dawa Zake

SWALI: Nikigonga kidole cha mguu, kwanza nasikia mchomo mkali, halafu baada ya kitambo kidogo yanakuja maumivu mengine mazito yanayopwita. Nikisugua, yanapungua. Kwa nini? (Mwanafunzi, Iringa)

JIBU: Kidole kimetuma habari kwa njia mbili. Nyuzi za neva zenye ala nyembamba ya mafuta hupeleka ule mchomo wa kwanza kwa mwendo wa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Zisizo na ala, ziitwazo nyuzi C, hujikokota kwa mita 2 kwa sekunde au chini ya hapo, na ndizo zinazoleta yale mazito. Kutoka kidoleni hadi kwenye uti wa mgongo ni kama mita moja, kwa hiyo tofauti unaihisi wazi. Zote huingilia nyuma ya uti, mahali panapoitwa pembe ya nyuma, na hapo habari huchujwa kabla ya kupandishwa ubongoni. Mguu wenyewe huwa umeshavutwa kabla hujahisi maumivu, maana amri ya kuuvuta hutoka hukohuko kwenye uti.

Kusugua huamsha nyuzi nene za mguso. Hizo huchochea seli ndogo za pembe ya nyuma zimwage GABA na glaisini, kemikali zinazotuliza seli za maumivu. Watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walilieleza jambo hili mwaka 1965 wakaliita lango. Mchoro wao umerekebishwa sana tangu hapo, lakini wazo la lango limesimama. Sugua pembeni ya jeraha, si juu yake.

SWALI: Nimejifungua kwa upasuaji mara mbili, zote kwa sindano ya ganzi ya mgongo. Mara ya kwanza nilijikuna pua na uso usiku kucha, ila kidonda hakikuuma hadi kesho yake. Mara ya pili sikuwashwa, lakini ganzi ilipoisha nililia. Sasa mgongo unauma, na majirani wanasema ni ile sindano. (Mama wa watoto wawili, Tanga)

JIBU: Ulivyoeleza, inaelekea sindano ya kwanza ilikuwa na ganzi pamoja na mofini, dawa kali ya maumivu, na ya pili ilikuwa na ganzi peke yake.

Ganzi inayotumika zaidi ni bupivakeini nzito ya asilimia 0.5, kama mililita 2, yaani miligramu 10. Hufunga milango ya sodiamu, ile ambayo neva hutumia kupitisha habari, kwenye neva za aina zote, haichagui. Ndiyo maana maumivu hukata, miguu haiinuki, na presha hushuka hata ukasikia kichefuchefu. Baada ya saa mbili au tatu hivi imekwisha.

Mofini huchagua. Hushika vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea kemikali au dawa, vilivyopo kwenye ncha za nyuzi C, ikafunga milango ya kalsiamu, na nyuzi zikashindwa kumwaga glutameti na dutu P, kemikali zinazopitisha habari ya maumivu. Upande wa pili, kwenye seli inayopokea, hufungua milango ya potasiamu, na seli hiyo inakuwa ngumu kuamka. Mguso na nguvu za miguu havidhuriki. Kwa sababu imewekwa jirani kabisa na pembe ya nyuma, miligramu 0.1 hadi 0.15 zinatosha kwa saa 12 hadi 24. Ampuli nyingi zina miligramu 10, kwa hiyo kinachotakiwa ni kama sehemu moja kati ya mia. Nukta ya desimali ikikosewa hapo, mgonjwa anaweza kuacha kupumua. Mtaalamu wa usingizi anayeizimua kwa hatua, akamwita mwenzake ahakiki, na akakataa ampuli yenye kihifadhi, anafanya kazi yake sawasawa.

Mofini huyeyuka vizuri kwenye maji kuliko kwenye mafuta. Inabaki kwenye maji ya uti wa mgongo muda mrefu, jambo jema, lakini pia hupanda nayo polepole hadi shina la ubongo. Pumzi inaweza kupungua saa 6 hadi 12 baada ya sindano, wakati ndugu wameshaaga na wodi imetulia. Kwa hiyo muuguzi anapokuja kuhesabu pumzi zako usiku, msimfukuze. Katika saa hizo 24 usimeze dawa ya usingizi wala tramadoli uliyoletewa kutoka nyumbani. Pumzi zikipungua sana, dawa yake ni naloksoni.

Kuwashwa si mzio. Ni mofini ileile ikigusa vipokezi vyake kwenye uti na shina la ubongo, na Piritoni husaidia kidogo tu. Usikubali kuandikwa kwamba mofini inakudhuru. Siku moja unaweza kuihitaji. Kama hospitali haina mofini ya mgongoni, omba mapema parasetamoli gramu 1 kila saa 6 pamoja na diklofenaki, na zianze kabla ganzi haijaisha. Ukisubiri ulie, umechelewa.

Kuhusu mgongo: kwa mtu mzima uti huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huchomwa chini ya hapo, kwa kawaida kati ya ya tatu na ya nne. Pale ilipopita panaweza kuuma siku chache. Maumivu ya miezi huwapata pia waliojifungua bila sindano hiyo, maana mimba hulegeza kano na kunyonyesha umejikunja huchosha kiuno. Lakini kichwa kinachouma ukiketi na kupoa ukilala, katika siku za mwanzo, ni dalili ya maji ya uti kuvuja: rudi hospitali. Miguu ikilegea, mkojo ukigoma, au homa ikija pamoja na maumivu makali ya mgongo, nenda siku hiyohiyo.

SWALI: Baba ana miaka 68. Mkanda wa jeshi ulipona miezi minne iliyopita, lakini hata shati likigusa ubavu analia. Diklofenaki haisaidii. Ameandikiwa amitriptilini, akakataa, anasema yeye si mgonjwa wa akili. (Kijana wa Kisumu)

JIBU: Ni kweli amitriptilini hutumika pia kutibu sonona, lakini mwambie mzee kwamba yeye ameandikiwa kwa ajili ya uti wake wa mgongo. Neva iliyoungua kwa virusi imepiga kelele miezi mingi, na seli za pembe ya nyuma zimezoea kuitikia. Kipokezi kiitwacho NMDA, ambacho kwa kawaida huzibwa na madini ya magnesi, kimezibuka, na zile seli za kutuliza zimedhoofika. Mguso wa shati sasa unapita kwenye njia ya maumivu. Diklofenaki hupunguza prostaglandini, kemikali zinazotoka kwenye nyama iliyovimba. Kwa baba hakuna uvimbe.

Amitriptilini huongeza noradrenalini, kemikali ambayo shina la ubongo huishusha kwenye uti ili kuzima maumivu. Aanze na miligramu 10 jioni, daktari aongeze kidogo kidogo kila wiki. Nafuu huja baada ya wiki 2 hadi 4, na wengi huiacha wiki ya kwanza kwa sababu kinywa kimekauka. Kwa umri wake, daktari ajue kwanza kuhusu tezi dume, moyo na presha ya macho, na akiamka usiku aketi kitandani kwanza ndipo asimame. Ikishindikana ipo gabapentini, dawa nyingine ya maumivu ya neva, ambayo kipimo chake hutegemea figo.

Na atakayepata mkanda wa jeshi leo, asiklovia, dawa ya kupambana na virusi hivyo, ianze ndani ya saa 72.

SWALI: Bibi yetu ana saratani na amepewa mofini ya maji. Ndugu wanasema atakuwa teja. (Familia, Mwanza)

JIBU: Mpeni. Mofini ya kunywa inayotolewa kwa kipimo kwa ajili ya maumivu ya saratani haimgeuzi mgonjwa kuwa teja. Uganda imekuwa ikitumia dawa hii majumbani tangu daktari Anne Merriman alipoanzisha huduma yake ya wagonjwa mahututi huko mwaka 1993. Kwa kawaida huanza miligramu 2.5 hadi 5 kila saa 4, kwa kufuata saa, si kusubiri aumwe. Dozi ya kulalia mara nyingi huwa maradufu ili asiamshwe usiku. Mpeni na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, kwa sababu mwili huzoea kichefuchefu na usingizi lakini tumbo kufunga halizoei. Someni lebo kila mnapochukua chupa mpya, maana zipo za miligramu 5 na za miligramu 50 katika mililita 5, na mpime kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko cha jikoni.