Wazo si ushahidi

Dada, umesema rafiki yako akichelewa kukujibu unajiambia, "Amenichoka," na usiku hulali. Tuanzie hapo hapo. Kilichotokea ni kimoja tu: hajajibu ujumbe. Hilo la kukuchoka umeliongeza mwenyewe.

Miaka ya 1960 daktari wa akili wa Marekani, Aaron Beck, aligundua kuwa wagonjwa wake wenye sonona walijiwa na mawazo ya ghafla ambayo waliyaamini bila kuyahoji. Tiba aliyoijenga juu ya hilo inatumika hadi leo.

Basi chukua karatasi (kichwani hutaweza, mawazo yatakuzungusha), uliandike wazo kama lilivyo. Kisha libane kama shahidi mahakamani: ushahidi uko wapi? Hakuna sababu nyingine? Na rafiki angejisema hivyo mbele yangu, ningemjibuje? Swali hilo la mwisho ndilo lililonifungua mimi. Nilikuwa mpole kwa kila mtu isipokuwa nafsi yangu.

Ila usijilazimishe kusema "ananipenda mno." Hilo nalo huna ushahidi nalo. "Sijui bado, nitamuuliza" inatosha. Usingizi ukiendelea kukupaa kwa wiki kadhaa, muone mshauri nasaha.