Kumchukua mbwa aliyetelekezwa: je, nitapata dhambi?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shekhe wangu, mimi ni mama wa nyumbani, naishi Mtwapa. Jirani yetu alikuwa mgeni aliyepanga. Alipohama kurudi kwao, mbwa wake jike akaachwa getini. Akawa analala pale pale akimngoja, na wanangu wanamtupia ukoko wa ugali na vichwa vya samaki. Vijana wa mtaa wakaanza kumpiga mawe, mmoja akaapa kumtilia sumu. Basi wakaja watu wa shirika la kutunza wanyama wakamchukua, wakamtibu ukurutu, wakamchanja na kumfunga kizazi, na sasa wanatafuta mtu wa kumlea moja kwa moja. Mimi namtaka. Tuna kiwanja chenye ua, kuku, na mbuzi wachache ambao wameshaanza kuibwa. Mume wangu hana neno. Lakini mavyaa wangu, tunayeishi naye, anasema mbwa akiingia kwa lango hili yeye atatokea lile, kwa kuwa malaika hawaingii nyumba yenye mbwa na thawabu zetu zitakuwa zinakatwa kila siku. Isitoshe, shirika linataka nitie sahihi na nitoe mchango wa pesa. Je, hiyo si thamani ya mbwa iliyokatazwa? Na watoto wakimgusa, swala zao zitakuwaje?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Binti yangu, kwa hali uliyoieleza, mchukue. Huna dhambi, na nakutarajia ujira inshaallah. Ila yako masharti, na baadhi yake mavyaa wako ameyaona vizuri kuliko unavyodhani.

Nianze na huyo kijana wa sumu, maana lake ni zito kuliko lako. Ni kweli Mtume (s.a.w.) wakati fulani aliamrisha mbwa wauawe Madina, lakini amri ile ikaondolewa. Imam Muslim amepokea kwa Abdullah bin Mughaffal (r.a.) kwamba baada ya amri hiyo Mtume alisema, "Wana nini wao na mbwa?", kisha akaruhusu mbwa wa kuwindia na wa mifugo. Na katika Abu Daud na Tirmidhi imekuja kwamba mbwa ni umma katika umma mbalimbali, maneno yanayokwenda sambamba na aya ya 38 ya Suratul An'aam, kwamba hakuna mnyama katika ardhi wala ndege arukaye kwa mbawa zake ila ni umma kama nyinyi. Mbwa aliyelala getini hajamng'ata mtu, kumuua kwa sumu ni dhulma. Anayefanya hivyo akidhani anaitakasa mitaa ya Waislamu ajue kwamba fiqhi haiko naye.

Sasa hebu tuitazame hadithi ambayo kila mtu anaijua lakini wachache huitazama kwa makini, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Mtu alikuwa njiani, kiu ikamzidi, akakuta kisima. Akashuka ndani, akanywa, akatoka. Mara akamwona mbwa amening'iniza ulimi, anakula udongo mbichi kwa kiu. Akasema moyoni: huyu yamempata yaliyonipata mimi. Akashuka tena, akajaza maji khofu yake, yaani kiatu chake cha ngozi, akaishika kwa meno ili mikono ipate kupandia, akamnywesha mbwa. Allah akamshukuru na kumsamehe. Masahaba wakauliza, hivi na kwa wanyama tuna ujira? Wakaambiwa kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, kuna ujira. Angalia kwamba hakuna aliyeuliza kwanza kama kiatu kilinajisika. Kiatu huoshwa.

Na mafakihi wetu wa Kishafii hawakuiacha huruma hii ibaki hadithi ya mimbarini, waliiingiza katika mlango wa twahara wenyewe. Fungua mlango wa tayammamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo maji yakikosekana, utakuta: mtu akiwa na maji ya kutosha udhu tu, na mbele yake pana mnyama mwenye heshima, yaani asiyeruhusiwa kuuawa, ana kiu, basi maji atampa mnyama, yeye atatayammam. Mbwa asiyeshambulia watu anaingia humo kwa kauli inayotegemewa na wanazuoni wa madhehebu waliokuja baadaye. Yaani udhu wako unampisha mbwa! Nimewasomea watu jambo hili msikitini nikaona nyuso zinavyogeuka.

Hata hivyo, kumnywesha maji ni jambo moja na kumfuga ni jingine. Hapo ndipo pana hoja ya mavyaa wako. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba mwenye kufuga mbwa, hupungua katika amali yake kila siku kirati moja, yaani fungu la thawabu, na katika riwaya ya Ibn Umar (r.a.) kirati mbili. Hadithi hii ni sahihi, iko Bukhari na Muslim, na haifai kuichezea. Lakini haikuishia hapo. Imevuliwa humo humo: isipokuwa mbwa wa kuwindia, wa mifugo au wa shamba. Wanaoitumia kukemea wenzao mara nyingi huisoma nusu ya kwanza wakafunga kitabu.

Wewe una mbuzi, na mbuzi wanaibwa. Hujahitaji hata kiyasi, yaani kulipima jambo kwa jingine lenye hukumu; wewe umo ndani ya hadithi kwa tamko lake. Na asiye na mbuzi ila ana nyumba inayohofiwa wezi? Imam Nawawi, katika sherhe yake ya Sahihi Muslim, anaeleza kwamba masahibu wetu, yaani wanazuoni wa Kishafii, walihitilafiana juu ya mbwa wa kulinda nyumba na njia, na iliyo sahihi zaidi ni kwamba yajuzu, kwa kuyapima hayo na yale matatu, kwa sababu ya haja inayofahamika katika hadithi. Basi milango ni mipana kuliko tulivyolelewa kuamini.

Utasema: shekhe, ukweli wa moyo wangu ni kwamba namhurumia, mbuzi wamekuja baadaye. Haidhuru. Nia mbili hukutana katika tendo moja, ilimradi kazi ya ulinzi iwe kweli, si jina la kuombea ruhusa. Kilichokatazwa katika madhehebu yetu ni mbwa wa pambo, anayefugwa kwa kujionyesha au kwa mchezo tu. Ndiyo maana anayeishi chumba kimoja cha kupanga, choo cha kushirikiana na wapangaji wengine, simwambii achukue mbwa hata moyo wake uwe laini vipi. Huyo achangie chakula na dawa, au amhifadhi mnyama mgonjwa siku chache barazani mpaka apatikane mwenye shamba. Kumwokoa kiumbe asiangamie si kufuga.

Tuje kwa malaika. Hadithi ya Abu Talha (r.a.) kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa wala picha ni sahihi pia, na iko habari katika Muslim kwamba Jibril alichelewa kumjia Mtume kwa sababu ya kitoto cha mbwa kilichokuwa ndani ya nyumba. Kikatolewa, na Mtume akanyunyizia maji mahali pake. Wanazuoni wengi wamesema kwamba wanaokusudiwa ni malaika wa rehema na baraka, ama waandishi wa amali hawamwachi mtu. Wamehitilafiana juu ya mbwa aliyeruhusiwa: Khattabi anasema huyo hawazuii malaika, Nawawi anaona lililo dhahiri ni kwamba hadithi inawahusu mbwa wote. Mimi nakushauri utoke kabisa katika hitilafu hiyo, na kwako ni rahisi. Mjengeeni banda huko uani karibu na zizi, lenye paa lisilovuja, asiingie vyumbani mnakolala na kuswali. Mbwa wa mifugo mahali pake ni kwenye mifugo. Usione kuwa kumlaza nje ni kumnyima mapenzi. Mbwa wa watu wa pangoni, ambaye Allah amemtaja katika Suratul Kahf, aya ya 18 na ya 22, alikuwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, na heshima ya kutajwa katika Qur'ani ameipata akiwa hapo hapo mlangoni.

Kuhusu najisi, sisi Mashafii tunasema mbwa mzima mzima ni najisi nzito, mate yake na mwili wake. Mahanafi wanaona mate ndiyo najisi, mwili hapana, kwa kauli yenye nguvu kwao. Maliki anaona mbwa ni twahara, na kuosha chombo alicholamba ni ibada tuliyoamrishwa tu; miongoni mwa hoja za Wamaliki ni aya ya 4 ya Suratul Maida, inayoturuhusu kula walichotukamatia wanyama wa kuwinda bila kutaja kuosha alama ya meno. Kwa hiyo usimdharau Mwislamu wa Morocco au Senegali ukimwona ana wasaa zaidi yako.

Wewe ukibaki na madhehebu yako, mambo si magumu. Kikavu kikigusa kikavu hakuna kinachohama: mtoto akimpapasa mbwa mkavu kwa mkono mkavu, hana la kuosha. Ukiwepo unyevu, jasho, mate au manyoya yaliyolowa, basi huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama alivyopokea Abu Hurayra (r.a.) kuhusu chombo kilichorambwa, na ya kwanza ndiyo bora kuwa ya udongo. Watu wa pwani wengi huchota mchanga mweupe wa ufukweni. Ule usio na vumbi hautoshi. Chukua udongo mwekundu wa shamba, ukoroge na maji mpaka yapate tope, pitisha, kisha suuza mara sita. Weka ndoo ya udongo karibu na bomba la uani, na watoto watazoea. Nguo ya swala ivaliwe baada ya kumaliza kumlisha. Bakuli lake liwe lake peke yake, lisiingie jikoni. Na ikitokea mumebanwa, kuwafuata Wamaliki katika hili kwa haja si kosa. Ondoa wasiwasi: Bukhari amepokea kwa Ibn Umar kwamba mbwa walikuwa wakipita huku na huku msikitini zama za Mtume (s.a.w.), na hawakuwa wakinyunyiza maji kwa ajili hiyo.

Pesa za shirika. Ni kweli Mtume amekataza thamani ya mbwa, na kwa Mashafii mbwa hauzwi hata akiwa amefunzwa, ingawa Mahanafi wameruhusu kumuuza mwenye manufaa. Lakini mbwa aliyeruhusiwa huwa chini ya mkono wa mtu, na mtu anaweza kuondoa mkono wake akampisha mwingine bila kuuza. Karatasi unayotia sahihi ni ya namna hiyo. Mchango ukiwa ni wa chanjo, dawa na kazi ya daktari, hayo ni malipo ya kazi iliyofanyika, si bei ya mnyama. Waombe risiti iandikwe hivyo, wala hawatakataa. Kama ingekuwa wanapanga bei kwa aina, huyu wa kizungu kiasi hiki na yule koko kiasi kile, ningekwambia hiyo ni biashara, jiepushe.

Kufungwa kizazi kumefanywa na wengine kabla yako, halikuhusu. Nawawi na wenzake walikataza kuhasi mnyama asiyeliwa. Wako wanazuoni wa zama hizi walioruhusu penye haja na bila kumtesa, nami naelekea kwao, maana nimeona vitoto vya mbwa vinavyotupwa jalalani ndani ya mifuko.

Linalonitia hofu kwenu ni baada ya mwezi wa tatu, watoto wakishamchoka. Mageti mangapi ya mitaa yetu yana mbwa aliyefungwa mnyororo wa mita moja, sufuria imepinduka, jua la saa saba linamchoma, na usiku anadaiwa abweke? Mwanamke aliingia Motoni kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie vidudu vya ardhini. Ukishatia sahihi, chakula, maji, kivuli na matibabu ni wajibu juu yenu. Msiwaachie watoto. Chanjo ya kichaa cha mbwa mfuate ratiba ya daktari, kwa kawaida kila mwaka. Akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha mbio hospitali siku hiyo hiyo kuanza sindano, kwani dalili zikishajitokeza ugonjwa huo karibu haumwachi mtu hai. Na akijulikana kuwa mkali mkamwacha huru, madhara yake kwa majirani ni dhamana yenu kisheria.

Amebaki mavyaa wako. Usimpelekee jibu hili ukamsomea kama hukumu ya kadhi. Amesema kwa kuogopea dini yenu, na hadithi alizozitaja ni za kweli. Mwanawe ndiye azungumze naye, kwa upole, amwonyeshe banda litakapojengwa na umbali wake na mlango. Akikubali kwa sharti kwamba mbwa asivuke kizingiti cha jikoni, mkubalieni papo hapo, kwa sababu hilo ndilo sharti ambalo hata mimi ningewawekea.

Wallahu a'lam.