Usimwage hayo mahindi: kulungu wetu walikufa matumbo yamejaa

Mkuu, hayo mahindi usiyamwage. Kama yako kwenye gari, yaache humo humo mpaka umalize kusoma hapa.

Nimesoma uzi wako mara mbili. Unasema kulungu, hawa wa mkia mweupe wa huku Marekani, wamepungua kwenye ardhi mnayokodi kwa uwindaji, watu watano msimu mzima wa Novemba mmeona majike wanne na dume mmoja mchanga, na sasa theluji imefika magotini. Mmekubaliana wiki ijayo muanze kumwaga mahindi msituni ili waliobaki wavuke baridi, muwasake koyote (wale mbwa mwitu wadogo wa huku), muiandikie serikali ya jimbo barua ifunge uwindaji wa majike, na mwisho ukauliza kamera zifungwe wapi. Wachangiaji saba kabla yangu wamekupongeza kwa moyo wa huruma. Mimi siwezi. Hiyo huruma nimeshaifanya, na najua mwisho wake.

Ilikuwa baridi ya 2013 kuingia 2014, ile ambayo kila aliyekuwa kaskazini mwa Marekani karibu na yale maziwa makubwa anaikumbuka. Tulikuwa sita, tumekodi ekari 320 za msitu mzee. Kama ninyi, tulikuwa tumeona kulungu wachache msimu ule, tukaingiwa na hofu. Mwishoni mwa Januari tukachanga pesa, tukanunua magunia 30 ya mahindi makavu, tukayaburuza kwa pikipiki ya theluji hadi kando ya bwawa lenye mierezi, mahali walipokuwa wamejikusanya. Tukamwaga marundo matatu. Usiku wa kwanza hakuja mtu. Usiku wa tatu kamera ilionyesha kulungu 20 na zaidi, vichwa chini, wanakula. Tulitumiana zile picha kama watu waliopata mtoto.

Siku ya tano nikamkuta jike wa kwanza. Amelala hatua sitini kutoka kwenye rundo, hana jeraha, hana alama ya meno, tumbo limejaa kama ngoma. Nikadhani kuna aliyeweka sumu. Kesho yake wakawa wanne. Hadi wiki ile inaisha tulikuwa tumehesabu 11, na hao ni wale tuliowaona, maana theluji ilikuwa inaendelea kuanguka na kufunika.

Tulimpigia simu mtaalamu wa wanyamapori wa jimbo, yule ambaye nyumbani tungemwita bwana nyama, ila huyu alikuwa mama wa makamo. Akaja na kisu na glavu. Hakusema neno mpaka alipompasua yule jike wa kwanza. Harufu iliyotoka ni ya kitu kilichochacha, kali, inayochoma pua. Tumbo la kwanza limejaa uji wa mahindi, na ngozi yake ya ndani inabanduka ukiigusa kwa kidole. Akatuonyesha figo: zimefunikwa na mafuta. Akavunja mfupa wa paja akatuonyesha uboho: mweupe, mgumu kama nta. Akasema mnyama anayekufa kwa njaa uboho wake huwa mwekundu na laini kama jeli. Huyu alikuwa na akiba ya kutosha kufika Aprili. Kisha akafungua mfuko wa uzazi. Mapacha.

Majike walikuwa wanane kati ya wale 11. Piga hesabu mwenyewe ya watoto ambao wangezaliwa mwisho wa Mei na Juni. Sisi sita, kwa bunduki zetu zote, tangu tuikodi ile ardhi hatukuwahi kuua majike wanane kwa mwaka mmoja. Tuliwaua kwa wiki moja, kwa magunia, tena bila hata kibali kimoja.

Kinachotokea ni hiki. Kulungu anacheua kama ng'ombe na mbuzi. Chakula chake hakimeng'enywi na yeye mwenyewe kwanza, kinameng'enywa na vijidudu vilivyomo kwenye tumbo la kwanza, na vijidudu hivyo hubadilika polepole kufuata msimu. Katikati ya baridi anakula ncha za matawi na majani ya mierezi, kwa hiyo tumboni mwake wamejaa vijidudu wa kuvunja miti. Ukimletea wanga mwingi kwa ghafla, hao hawauwezi. Wanaoibuka ni bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki, wanazaliana kwa saa chache, tumbo linachacha, ukuta wake unaungua, maji ya mwili yanavutwa kuingia tumboni, na mnyama anakufa kati ya siku moja na tatu. Tumbo lingehitaji wiki mbili hadi nne kuzoea. Kulungu mwenye njaa mbele ya rundo hazoei, anakula.

Na mtu yeyote aliyewahi kuchunga mbuzi analijua hili! Mbuzi akivunja ghala usiku, asubuhi unamkuta kavimba, anasaga meno, na jioni unamchinja kabla hajafa. Mama yangu alipoteza wawili hivyo nikiwa darasa la nne. Niliyaona kwa macho yangu, halafu nikiwa mtu mzima nikabeba mahindi kwa mikono yangu mwenyewe nikawapelekea wanyama wa jamii ile ile ya kucheua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, miaka yote hii.

Sasa waliotupoteza. Aliyetuuzia alituambia mahindi yanawapa kulungu joto. Gunia lenyewe lina picha ya dume mwenye mapembe makubwa, na kulungu hajui kusoma lakini sisi tunajua, tukasoma kila kitu isipokuwa neno moja la tahadhari, kwa sababu halikuwepo. Kulikuwa na jamaa wa video, ana wafuasi wengi, anajirekodi akimwaga mahindi kwenye theluji huku muziki wa huzuni ukipigwa. Hakurudi kurekodi wiki iliyofuata. Nilimwandikia, hakujibu. Na kulikuwa na mzee mmoja kwenye kundi letu aliyetuambia amewinda miaka 40 na kila baridi kali huwalisha. Nilimheshimu, nikanyamaza. Baadaye nikamuuliza: mzee, ulishawahi kurudi kule Machi kuwatafuta waliokufa? Akasema hapana, theluji ikiyeyuka mbweha na kunguru wanakuwa wamemaliza. Miaka 40 ya kutorudi kuangalia, na sisi tukaiita uzoefu.

Najua mtu atakuja kusema yeye analisha na hajaona mzoga. Inawezekana. Wale wanaoanza kidogo kidogo vuli, kabla ya baridi, tumbo linapata muda. Lakini mleta uzi anataka kuanza wiki ijayo, kwenye theluji, kwa marundo. Hiyo ndiyo njia yetu hatua kwa hatua.

Na hata waliopona hatukuwasaidia. Kulungu wakati wa baridi anaishi kwa kujibana: anapunguza kula mwenyewe, anatembea kidogo, anatumia mafuta aliyojaza vuli, anakaa chini ya mierezi inayozuia upepo na theluji. Sisi tuliwatoa humo. Walikuwa wanavuka theluji ya kifua usiku kufuata rundo, majike wakubwa wanawapiga ndama kwa kwato wasikaribie, kwa hiyo ndama, ambao ndio wa kwanza kufa baridi ikizidi, walitembea bure na kurudi bure. Matawi yote ya mierezi kuzunguka lile bwawa yaliliwa hadi urefu ambao kulungu anafika akisimama kwa miguu ya nyuma. Mierezi ile mpaka leo haijarudi.

Halafu kuna CWD, huu ugonjwa wa kukonda. Ulionekana mara ya kwanza 1967 kwa kulungu waliofungiwa kwenye kituo cha utafiti Colorado, sasa uko kwenye majimbo zaidi ya 30. Hauna chanjo, hauna dawa, kila anayeupata hufa. Husababishwa na prioni, protini iliyojikunja vibaya, inayotoka kwa mate, mkojo na kinyesi, na hubaki kwenye udongo kwa miaka. Kulungu anaweza kutembea nao zaidi ya mwaka akionekana mzima kabisa. Sasa wewe chukua kulungu 20 waweke midomo kwenye rundo moja, kila usiku, miezi miwili. Ndiyo maana majimbo mengi yamepiga marufuku kulisha, baadhi jimbo zima, mengine kaunti kwa kaunti. Angalia kaunti yako leo. Ya kwetu wakati ule haikuwa kwenye orodha, na tuliichukulia hiyo kama ruhusa ya kuwa salama.

Kwa hiyo kanuni yangu, na kila mgeni wa kundi letu naihakikisha anaijua kabla hajaonyeshwa mahali pa kukaa: tazama matawi. Usitazame gunia, usitazame kamera, tazama matawi.

Yule mama alitufundisha siku ile ile, mzoga ukiwa bado wazi. Shika kijiti kilicholiwa ukiangalie ncha. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo hakati, anararua; ncha inabaki na nyuzi nyuzi. Sungura anakata safi, mshazari, kama kwa kisu. Tembea ardhi yako yote uhesabu. Ukikuta ncha zilizoraruliwa kila mahali, hadi matawi manene kama penseli na miche ambayo kwa kawaida kulungu huipita, basi ardhi imeshindwa kuwabeba hata hao wachache unaowaona. Ukikuta vichipukizi vipo vingi na havijaguswa, basi chakula si tatizo lako, na mahindi yangekuwa dawa ya ugonjwa usio wenu.

Kwetu ilikuwa ile hali ya kwanza. Msitu mzuri kwa picha, miti mirefu, chini hakuna kitu. Miaka mingi hakuna aliyekata, mwanga haufiki ardhini, hakimei kitu cha urefu wa mdomo wa kulungu. Tulikuwa tunamlaumu kila mtu kwa kupungua kwa kulungu, na jibu lilikuwa juu ya vichwa vyetu, limefunga jua.

Mnataka kuwapa chakula mwezi huu? Chukueni msumeno wa mashine, muombe ruhusa ya mwenye ardhi, mkate mipopla na miti mingine ya majani mapana karibu na mierezi, lakini mierezi yenyewe msiiguse. Vilele vikianguka, kulungu wanakula machipukizi yake usiku huo huo. Ni kile kile ambacho tumbo lao limeshazoea, hakiwadhuru. Na mipopla ikikatwa hutoa miche mipya kutoka mizizini kwa wingi. Sisi tumekuwa tukikata ekari mbili kila baridi tangu 2015. Kiangazi cha tatu, kipande cha kwanza kilikuwa kimenifika kifuani na huwezi kupita bila kusukuma matawi kwa mikono. Majike waliokuwa na ndama mmoja tulianza kuwaona na wawili. Jike aliyeshiba huzaa mapacha, aliyedhoofika huzaa mmoja au hapati kabisa, na hakuna barua ya kwenda jimboni itakayobadilisha hilo.

Hiyo barua, kwa kifupi. Sikukatazi. Baada ya baridi ile ile, kaunti nyingi za kaskazini mwa Wisconsin mwaka 2014 ziliruhusu madume tu, kwa hiyo mamlaka husikia. Wenzetu wa Wisconsin wana hesabu yao ya ukali wa baridi: alama moja kwa kila siku theluji ikifika inchi 18, alama nyingine kwa kila siku baridi ikishuka hadi sifuri ya Fahrenheit (kama nyuzi 18 chini ya sifuri za Selsiasi), na ikizidi 100 wanajua kaskazini kumeharibika. Wanatumia pia idadi ya wanyama mnaowaandikisha. Kwa hiyo andikisheni kila mnyama, toeni sampuli za CWD, ndipo barua iwe na uzito. Lakini kama matawi yenu yameshararuliwa yote, kuongeza midomo juu ya ardhi ile ni kuwapangia njaa ya mwaka ujao.

Na aliyeandika hapo juu kwamba jimbo linataka pesa zetu za leseni tu: ndugu, mwanzoni mwa karne iliyopita kulungu wa mkia mweupe walikuwa wamebaki kama laki tano nchi nzima, leo wanakadiriwa kuwa karibu milioni 30. Tangu 1937 ushuru wa bunduki ndefu na risasi, ambao sasa ni asilimia 11, unakwenda kwenye majimbo kwa kazi hii. Yule mama aliyeendesha gari saa mbili kwenye barafu kuja kutupasulia mizoga, bila kututukana, alilipwa na hizo pesa. Mimi ningetutukana.

Mleta uzi, magunia yarudishe dukani Jumatatu. Kisha nenda msituni, piga picha ncha kumi za matawi kutoka sehemu tano tofauti, kwa karibu kabisa nione kama zina nyuzi, uziweke hapa chini. Nitaziangalia zote.