Jibu: Mtoto magoti yamevimba, afungwe plasta?
Pole dada. Magoti yaliyovimba miezi miwili bila mtoto kuanguka, asubuhi anachechemea, mchana anacheza? Plasta ngumu ya kufunga mguu usiikubali haraka. Uvimbe ukipita wiki 6 hufikiriwa baridi yabisi ya utotoni, yaani kinga ya mwili kushambulia viungo (na TB ya kiungo ipimwe pia), na goti likifungwa muda mrefu hukakamaa, misuli ikanywea. Baridi ya Uyole siyo iliyomletea, waambie majirani. Omba rufaa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, daktari wa watoto amwone pamoja na wa mifupa. Macho nayo yapimwe hata kama hayamuumi, ugonjwa huu huweza kuleta uvimbe wa ndani ya jicho kimyakimya. Akiandikiwa methotreksati (dawa ya kutuliza ugonjwa huu) ni mara moja kwa WIKI, si kila siku! Usiku usimwekee mto chini ya magoti, yatazoea kujikunja.