Barua kwa Mwanangu: Kanisa, Maji na Siasa

Mwanangu,

Juzi ulipiga simu ukiwa kwenye feri, kelele zikatushinda. Swali nililipata: vijana wa kanisa lenu hapo Likoni wanataka kwenda kwenye kikao cha bajeti ya kaunti kuulizia maji, na mchungaji amesema siasa ni uchafu, Mkristo aombe tu. Umfuate nani?

Mchungaji mheshimu. Ila siku moja mlete huku Kengeleni. Wamishonari wa Kiingereza wa CMS walianzisha kijiji cha Frere Town hapa mwaka 1875 wawaweke watu waliotolewa utumwani, na ile kengele unayoipita ukija nyumbani ilikuwa ikipigwa wakionekana wakamataji wa watumwa wanarudi. Kumpa hifadhi mtu ambaye mwenzako anadai ni mali yake, kama hiyo si siasa basi sijui siasa ni nini. Na wamishonari wenyewe hawakuwa malaika: walilaumiwa kwa kuwachapa viboko watu walewale waliowahifadhi. Kwa hiyo kanisa nalo liulizwe.

Atakutolea Warumi 13. Msome naye mpaka mstari wa nne, mtawala ni mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema. Mtumishi huulizwa kazi yake. Amosi naye alitaka haki iteremke kama maji, nasi hapa Kisauni maji yanateremka kwenye mkokoteni, mtungi kwa mtungi, na bei anaipanga mwenye mkokoteni.

Kinachoniudhi ni kwamba siku ya harambee mheshimiwa hupewa maikrofoni pale mbele, na hapo siasa haina uchafu wowote! Afadhali Askofu Mkuu Ole Sapit, aliyewazuia wanasiasa kwenye mimbari za Anglikana mwaka 2021, na Askofu Mkuu Anyolo wa Katoliki, ambaye Novemba 2024 aliagiza mamilioni ya Rais Ruto kwa kanisa la Soweto, Nairobi, yarudishwe.

Kwa hiyo nendeni. Lakini waiteni na vijana wa msikiti wa hapo jirani, mfereji uliokauka ni mmoja. Fulana ya chama asivae mtu. Bajeti muisome kabla: mwaka jana maji yalitengewa ngapi, zikatumika ngapi, wapi. Maswali yaandikeni, asome mmoja, mwenye sauti, si lazima awe mwenye hasira.

Baba yako anasema ukitoka kikaoni umpigie. Na safari hii usipige ukiwa kwenye feri.

Mama